Dada Haombi Ufunguo

Januari 5, Jumatatu

Leo nimekuwa mnyapara wa chumba cha pasi. Nimepewa koti la bluu, kitabu hiki chenye tarehe na nembo ya kampuni, na ufunguo wa choo.

Kitabu ni cha kuandikia mambo ya kazi. Mambo ya kazi nitayaandika kwenye daftari la kazi. Humu nitaandika yangu.

Sisi ni wanawake ishirini na wawili. Tunapiga pasi mashuka ya hoteli na ya hospitali, mashine mbili za rola na meza kumi na mbili, madirisha hayafunguki kwa sababu vumbi likiingia mashuka yanarudi kufuliwa. Choo ni kimoja, nyuma ya tangi la mvuke. Meneja tunamwita Dakika, maana hana sentensi isiyo na neno hilo. Amesema watu wanajificha chooni na simu zao, kwa hiyo kuanzia leo mlango unafungwa. Anayetaka kwenda aje kwangu, aombe, niandike jina na saa, nimpe ufunguo. Mara mbili kwa zamu. Dakika nne.

Watu wote walidhani koti hili atalivaa dada yangu. Yumo humu miaka kumi na tisa na ndiye aliyenitafutia mimi kazi. Lakini Dakika alitaka mtu wa kuandika haraka, na Dada aliacha shule darasa la nne. Aliacha ili anilee mimi, mama alipokuwa akishinda vibaruani. Ananizidi miaka kumi na mmoja.

Alinifunga kifungo cha juu cha koti mbele za watu. "Hongera, mdogo wangu. Cheo ni dhamana."

Nilifurahi sana. Sitaficha.

Januari 6, Jumanne

Joto. Ufunguo umetoka mara thelathini na nane. Dakika amesema ni nyingi mno.

Januari 8, Alhamisi

Kuna mwenzetu tunamwita Foronya kwa sababu kazi yake ni foronya tu, na mdomo wake haujawahi kupigwa pasi. Leo amekuja mezani kwangu, amepiga goti kama anaposa. "Mheshimiwa, kibofu changu kinakusalimu na kinaomba kuonana na choo."

Chumba kizima kikacheka, na mimi nikacheka. Kisha nikamwambia hii ni mara ya tatu, arudi kwenye meza yake. Hakuna aliyecheka tena. Nadhani leo ndiyo wameniona mnyapara kweli.

Januari 9, Ijumaa

Wiki nzima jina la Dada halimo daftarini. Tunakaa ua mmoja, mlango wake unatazamana na wangu, kwa hiyo jioni nikamfuata akianua nguo.

"Dada, mbona huji kuchukua ufunguo?"

"Sina haja."

"Kutwa nzima, masaa kumi?"

Akazitupa nguo begani. "We mtoto. Nimekubeba mgongoni, nimekuogesha, nimekuchamba kwa mkono huu. Leo nisimame mbele yako, watu wananikodolea macho, niseme naomba nikakojoe? Umenionaje?"

"Siyo mimi. Ni kanuni."

"Basi lala na kanuni yako."

Nimekasirika. Ningeweza kumwachia ufunguo mezani kwake asubuhi, aende anapotaka, nisimwandike. Lakini wenzake watasema undugu huo, na Foronya atakuwa wa kwanza. Watu wanasubiri niteleze. Kama anataka kunikomoa kwa kibofu chake, kibofu ni chake.

Januari 10, Jumamosi

Nusu siku. Hakuna la kuandika.

Januari 14, Jumatano

Dakika amelipitia daftari. Safari za choo zimepungua mpaka ishirini na nne kwa siku, akanipa mkono. Halafu akauliza, "Huyu mmoja mbona simwoni?" Nikamwambia huyo ni dada yangu, hana haja.

"Huyo ndiye mfano," akasema. "Watangazie."

Nikawatangazia. Nilisimama kwenye ngazi ya mashine ya rola nikasema kuna mtu humu hajapoteza dakika hata moja tangu mwaka uanze, na ninyi vijana mnakuja kwangu kila saa kama mna mabomba yaliyopasuka. Dada hakuinua kichwa, ila nilimwona anatabasamu. Foronya akampa jina hapo hapo: Ngamia. Mpaka saa ya kutoka jina lilikuwa limeshanata.

Njiani tulitembea pamoja kwa mara ya kwanza tangu ile Ijumaa. Nilidhani tumepatana.

Januari 19, Jumatatu

Nimeigundua siri yake, na si siri kubwa. Anakuja na chupa ya maji imejaa na anarudi nayo imejaa. Mchana anachukua funda moja, anasukutua, anatema kwenye beseni. Asiyekunywa haendi chooni, hesabu rahisi. Wenzake wawili wa meza ya jirani wameanza kumwiga.

Kwa kweli nilimheshimu. Si kila mtu anaweza.

Januari 20, Jumanne

Joto kama jana.

Januari 23, Ijumaa

Dada kichwa kinamuuma siku ya tatu hii. Ananunua dawa za maumivu mbili mbili dukani, anazimeza kavu. Nilipomwambia apunguze spidi kidogo alinikata mbele ya watu: "Nilikuwa napiga pasi wewe ukiwa bado unalamba kamasi."

Sawa. Lakini najua kinachomuuma, na si kichwa. Ni hili koti.

Januari 27, Jumanne

Dada kaunguza shuka. Miaka kumi na tisa hajawahi. Nimemwandika.

Januari 31, Jumamosi

Dada ametangazwa Mfanyakazi Bora wa Mwezi. Lile shuka nililifuta daftarini, na sijui nililifuta kwa ajili yake au kwa ajili ya jina langu. Wamempiga picha kwa ajili ya ukuta wa ofisini. Midomo imempasuka mpaka inatoa damu pembeni, na Foronya akampaka mafuta kwanza ili ing'ae.

"Cheka basi, Ngamia."

"Nikicheka inapasuka," akasema, na kweli.

Nimemuuliza mume wangu jioni kama Dada hajakonda. Akasema, "Kila mtu amekonda na joto hili, hata mimi." Yeye tumbo lake linatangulia mlangoni.

Februari 1, Jumapili

Nimemtazama Dada leo kutwa nzima, na nimepata jibu.

Jumapili ni mtu mwingine. Asubuhi alikunywa chai vikombe vitatu, maji ndiyo usiseme, akafua, akaimba, akamtania binti yake kuhusu mchumba. Mchana kichwa hakimuumi. Alinisuka nywele nimekaa katikati ya magoti yake kama zamani. Kesho akifika kazini ataniangalia kama deni, kichwa kitaanza, na ukimsemesha atakung'ata. Basi ni nini kama si wivu? Angekuwa mgonjwa, ugonjwa ungejua leo ni Jumapili?

Inauma kumwandika hivi mtu aliyekulea. Lakini ndivyo ninavyoona.

Februari 4, Jumatano

Binti wa Dada anauza vitambaa mjini, anarudi jioni. Leo amenivuta pembeni karibu na bomba.

"Mama mdogo, jana mama hakumwaga maji chooni, nikauona mkojo wake. Ulikuwa mweusi kama chai ya rangi."

"Atakuwa ni zile dawa za kichwa."

"Na kidogo tu. Kama kijiko."

"Umempimia?"

Akaona namfanyia mzaha, akaondoka. Nilikuwa nimechoka, miguu imevimba, sikuwa na nafasi ya kujadili mkojo wa mtu saa zangu za nyumbani. Kazini nashinda nao.

Februari 6, Ijumaa

Feni kubwa imekufa. Dakika anasema fundi atakuja wiki ijayo, tuvumilie dakika chache. Msimu wa wageni umepamba moto na mashuka yanakuja kwa malori.

Dada amekamatwa na misuli ya mguu, mguu umekakamaa kama gogo. Foronya alimkanda. Dada alipoinuka akashika ukingo wa meza kwa muda, macho amefumba. Nikamuuliza kama yuko sawa. Akasema, "Andika kwenye daftari lako kwamba niko sawa."

Februari 9, Jumatatu

Feni bado.

Februari 10, Jumanne

Wote tunatiririka, magauni yamegandamana na migongo, ila Dada mkavu. Hatoki jasho hata tone. Uso umekauka na umewiva, anapiga pasi kama mashine. Nikawaambia wenzake, "Mnaona? Mwili ukiuzoeza unazoea." Nilisema hivyo. Nimeliandika hapa likiwa na tarehe yake.

Februari 13, Ijumaa

Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali. Nitaandika yote kwa mpangilio, nikiruka nitachanganyikiwa.

Asubuhi njiani Dada alitembea polepole. Nikamwambia tutachelewa, akaniuliza tunaenda wapi. Nilidhani ananifanyia kejeli. Nikatangulia.

Saa nne Dakika alikuja na oda ya hoteli tatu, zote za leo leo. Nikamweka Dada kwenye kukunja, mwisho wa mashine ya rola, kwa sababu ana mikono myepesi kuliko wote. Saa tano mashuka yakaanza kurundikana. Nikaenda kuangalia. Alikuwa amekunja shuka moja, akalikunjua, akalikunja, akalikunjua. Lile lile moja. Mashuka mengine yanaanguka miguuni mwake na anayakanyaga.

Nikapaza sauti. Nilitaka wote wasikie, maana wiki nzima walikuwa wakinong'ona kwamba dada yangu siku hizi haguswi. "Wewe! Umekuja kucheza? Haya yote yatarudi kufuliwa kwa ajili yako!"

Akanitazama kwa upole kabisa. Akasema, "Mama, nimechoka kumbeba huyu mtoto. Mchukue kidogo."

Niliona ananidhalilisha. Kila mtu pale anajua alinilea, ameshawasimulia mara mia. Nikamwambia, "Kama umechoka, mlango ule pale, nenda nyumbani ukamtunze mama yako kaburini."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyomwambia akiwa amesimama. Hata sikuona anavyoanguka, nilikuwa nimeshampa kisogo. Nilisikia kishindo, na Foronya akipiga kelele.

Ngozi yake ilikuwa ya moto. Si joto la homa, ni moto kama bati la juani, na kavu kama karatasi. Foronya aliibana ngozi ya mgongo wa mkono wa Dada kwa vidole viwili, akaiachia, na ngozi ikabaki imesimama pale pale. Mimi nilikuwa nimeshachukua chupa yake, ile iliyojaa, nikataka kummiminia mdomoni. Foronya akanipiga mkono chupa ikaruka. "Utamuua! Hana fahamu, maji yataingia kwenye mapafu!" Mama yake Foronya aliwahi kuwa mhudumu wa wagonjwa, kumbe hakuwa mtu wa vichekesho tu. Alituamuru tumtoe nje kwenye kivuli, tumfungue nguo, tulowanishe mashuka tumfunike, tumpepee. Tulilowanisha mashuka masafi ya hoteli. Wanawake kumi wanampepea kwa foronya.

Dakika akatokea mlangoni. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Huu ni muda wake wa mapumziko?" La pili lilikuwa ni mashuka ya hoteli gani yale.

Gari la wagonjwa lilisemekana liko mbali. Tukampakia kwenye gari la kupeleka mashuka, juu ya magunia ya nguo chafu, mimi nimemshika kichwa. Njiani alitetemeka mwili mzima, macho yakageuka. Nilimwita dada, dada, kama nilivyokuwa nikimwita nikiwa mdogo nikiogopa giza.

Hospitali walimwingiza ndani na daktari akatoka na kalamu. Mwanamke mfupi, amechoka. Akauliza umri, dawa anazotumia. Kisha, "Amekojoa lini mara ya mwisho?"

Nikatazama kalamu yake.

"Leo amekojoa? Jana?"

Mimi ndiye ninayeandika nani amekojoa na saa ngapi. Ndiyo kazi yangu, nimevalishwa koti kwa ajili hiyo. Nikamwambia sijui.

Februari 14, Jumamosi

Binti wa Dada hakunisemesha usiku kucha. Asubuhi daktari alituita wote wawili na akasema taratibu, kama anayefundisha.

Alisema Dada hakuishiwa maji jana tu. Ameishiwa kila siku kwa wiki sita, Jumapili anajaza kidogo, Jumatatu anakauka tena, na kila mara figo zikiumia. Zile dawa za maumivu zimezidi kuziumiza. Alisema kiu ni kengele ya kuchelewa, mtu wa kazi ya joto anatakiwa anywe kidogo kidogo kabla hajaisikia. Mwili unasema mapema: kichwa, midomo, kizunguzungu ukiinuka, misuli kukaza, hasira bila sababu, mkojo mchache na wenye rangi nzito. Mtu akianza kuchanganyikiwa, au joto linapanda na jasho halitoki, hapo hakuna kusubiri, ni hospitali.

"Hakukuwa na dalili yoyote?" akatuuliza.

Binti akanigeukia. Mimi nilikuwa nimezitaja zote moyoni pamoja naye, moja moja, na kila moja nakumbuka tarehe yake kwa sababu niliiandika humu, na pembeni yake nikaandika wivu.

Februari 15, Jumapili

Hajaamka. Wamemuunganisha na mashine ya kuchuja damu.

Februari 16, Jumatatu

Dakika ameniita ofisini. Alikuwa mpole, akanipa kiti. Alitaka daftari la ufunguo, nikampa. Akalipekua ukurasa kwa ukurasa, kidole kinashuka kwenye majina, wiki sita zote.

"Jina lake halimo hata mara moja," akasema.

"Halimo."

"Kwa hiyo hakuna siku aliyoomba akakataliwa."

"Hakuna."

"Hapo ndipo penyewe." Akalifunga na kulitia kwenye droo, akaisukuma kwa goti. "Tusingempa, ingekuwa kosa letu. Hakuomba. Wewe mwenyewe umeandika, na hati yako ni nzuri sana."

Kila alichosema ni kweli. Nilimchukia mpaka nikasikia uchungu mdomoni. Nilipotoka nikapita kwenye ile picha ya ukutani, midomo inang'aa mafuta.

Februari 18, Jumatano

Ameamka. Amemtambua binti yake. Mimi nilikuwa kazini.

Februari 20, Ijumaa

Wameleta pipa la maji lenye bomba, vikombe viwili vimefungwa kwa mnyororo. Juu yake bango: KUNYWA MAJI, LINDA AFYA YAKO, na mchoro wa rangi za mkojo kuanzia njano hafifu mpaka kahawia. Feni nayo imetengenezwa. Dakika alipiga picha ya pipa.

Kikombe kimoja kikimalizika watu wanatazamana, kisha wananitazama mimi. Ufunguo bado uko shingoni mwangu. Mara mbili, dakika nne.

"Yaani wametupa mdomo," Foronya alisema, "wakasahau kwamba ukiingiza lazima utoe." Hakupiga goti, na hakucheka.

Februari 22, Jumapili

Leo nimekaa na Dada peke yetu. Uso umevimba, mikono imevimba, mwilini maji yamejaa na hayana pa kutokea. Figo hazijarudi. Daktari anasema huenda zisirudi.

Nilikuwa nimepanga la kusema tangu nyumbani. Lilipotoka likatoka vibaya. Nilisema, "Dada, kwa nini hukuomba tu? Ungeomba ningekupa."

"Najua ungenipa." Sauti yake imekwaruza. "Ungeniandika kwanza."

Nikalia. Hakunibembeleza. Zamani nikilia hata kwa uongo alikuwa anaacha alichoshika. Leo alitazama dari mpaka nilipomaliza.

"Nami ni mjinga," akasema baadaye. "Nilijiambia nitaona nani atachoka kwanza. Nikasema siku moja utauleta mwenyewe ufunguo, uuweke mezani kwangu, usiseme kitu. Kila asubuhi nilikuwa naangalia meza."

Sikumwambia kwamba niliwahi kulifikiria hilo. Januari tarehe tisa.

Februari 26, Alhamisi

Binti ananiamkia, lakini haniiti mama mdogo. Ananiita wewe.

Machi 2, Jumatatu

Nimerudisha koti na ufunguo. Nilitaka kumtupia Dakika usoni, nikaishia kuviweka juu ya karatasi zake na kusema nataka kurudi meza ya pasi. Alitazama saa yake. "Kwa sasa meza zimejaa," akasema. Kwa hiyo sina koti wala meza.

Sikuwa nimefika getini ufunguo ukawa umeshapata shingo nyingine. Foronya. Alinikimbilia nje, koti bado halijamkaa sawa, akasema, "Usinitazame hivyo. Nina watoto wanne." Nikamwambia sikutazami vyovyote. Kweli sikuwa na ubavu wa kumlaumu. Nilimwomba kitu kimoja, awaachie watu waende bila kuomba. Akasema atajaribu. Ndivyo na mimi ningejibu.

Machi 8, Jumapili

Dada ameruhusiwa. Atakuwa anarudi kuchujwa damu mara mbili kwa wiki, na daktari hasemi mpaka lini.

Alitupa maelekezo kwenye karatasi. Chumvi kidogo. Matunda fulani asile. Na maji: vikombe viwili na nusu kwa siku nzima, pamoja na chai, pamoja na mchuzi, pamoja na ya kumezea dawa. Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamwambia daktari, lakini huyu aliumia kwa kukosa maji.

"Figo hazitoi tena," akasema. "Akinywa zaidi yatakwenda kwenye mapafu na moyo. Ndani ya nyumba mmoja wenu ashike kipimo, na awe mtu wa msimamo."

Tulipofika nyumbani, binti akafungua begi, akatoa kikombe cha plastiki chenye mistari ya kupimia, akanishikisha.

"Mimi siwezi," akasema. "Akiniomba nitampa. Wewe unaweza kumnyima."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayegawa kazi za nyumbani kwa kufuata nani anajua nini.

Machi 10, Jumanne

Kikombe cha kwanza saa moja asubuhi na dawa. Nusu saa sita. Nusu saa kumi. Nusu jioni.

Machi 11, Jumatano

Nimemkamata akilamba kitambaa nilichomfutia uso. Nilijifanya sikuona. Kisha nikarudi nikakichukua, kwa sababu binti ameniamini.

Machi 14, Jumamosi

Mvua ya kwanza. Ilianza saa nane mchana, ghafla, ikapiga mabati mpaka hatusikilizani. Watoto wa ua wote walitoka nje wakifungua midomo. Mume wangu alipanga ndoo chini ya paa, moja baada ya nyingine, zikajaa zikamwagika.

Dada alikuwa kitandani, mlango wazi, anatazama maji yakipita kizingitini. Midomo imekauka tena, ulimi unanata, namsikia anavyomeza mate kwa shida. Nikakaa naye. Aliweka mkono wake juu ya goti langu, mkono uliovimba, ukibonyeza kidole kinaacha shimo.

"Mdogo wangu," akasema. "Naomba maji."

Tangu nizaliwe hajawahi kuniomba kitu. Nilitazama saa. Ilikuwa saa tisa na dakika kumi, na nusu ya saa sita alikuwa ameshaimaliza.

"Bado, Dada. Mpaka saa kumi."

"Funda moja tu. Nakuomba."

Nikamwambia hapana. Akaniomba tena, na tena, na mimi nikawa nasema hapana, mpaka ikafika saa kumi.